Transfoma ya Kutenganisha Umeme kwa Vyombo vya Muziki vya Nyumbani: Inalinda Nini, Hailindi Nini

Katika nyumba nyingi, spika hutoa mngurumo mzito hata kabla wimbo haujaanza. Mwenye nyumba anapotafuta dawa yake, hupewa moja ya ushauri huu: anunue transfoma ya kutenganisha umeme, au aikate pini ya ethi katika plagi ya amplifaya. Ushauri wa kwanza hufaa mara nyingine. Wa pili unaweza kuua. Katika somo hili tunaeleza tofauti kati ya hayo mawili, ili mtumiaji asilipie kinga asiyoipata.

Transfoma hii hufanya nini

Transfoma ya kutenganisha ina koili mbili za waya zilizozungushiwa kiini cha chuma. Koili ya kwanza hupokea umeme wa ukutani, ambao nchini Tanzania ni volti 230 na hezi 50. Koili ya pili hulisha chombo. Hakuna waya unaoziunganisha. Nishati huvuka kwa nguvu ya sumaku tu. Njiani, sehemu ya kelele inayosafiri katika nyaya za umeme hupunguzwa.

Hata hivyo, transfoma hii haisawazishi volti. Umeme wa ukutani ukishuka hadi volti 180, chombo nacho hupata takriban hizo hizo. Kazi ya kusawazisha ni ya stabilaiza. Wala isitegemewe dhidi ya radi. Mawingu ya mvua yanapotanda, njia ya hakika ni kuchomoa plagi pamoja na waya wa antena.

Mngurumo hutoka wapi

Mara nyingi chanzo ni mzunguko wa ethi. Amplifaya imechomekwa soketi moja, kompyuta au televisheni nyingine, na kila kimoja kina njia yake ya ethi. Waya wa sauti unapoviunganisha, mkondo mdogo hupita ndani yake na kusikika kama mngurumo. Transfoma inayopitisha ethi kutoka plagi yake hadi soketi ya kutokea haivunji mzunguko huo. Kabla ya kutumia fedha, tunashauri hatua hizi kwa mpangilio:

1. Chomeka vyombo vyote katika soketi moja ya ukutani kwa kutumia ekstensheni yenye ethi, mradi jumla ya matumizi isizidi uwezo wake.
2. Zima vyombo, chomoa waya mmoja wa sauti au wa antena, kisha washa na usikilize. Rudia kwa kila waya. Mngurumo ukikoma, umepata njia unayopitia.
3. Weka kitenganishi kidogo katika waya huo wa sauti au wa antena. Hicho hubeba mawimbi ya sauti au ya picha tu, na hakigusi ethi ya umeme.

Usikate ethi

Amplifaya yenye ganda la chuma na plagi ya pini tatu imeundwa kwa kutegemea ethi. Waya wa moto ukilegea ndani na kugusa ganda, ethi huupa umeme njia ya kupita, na fyuzi huungua au kikata umeme hujizima. Ethi ikikatwa, muziki huweza kuendelea kama kawaida huku ganda likiwa na volti 230, likimngoja mtu wa kwanza kuligusa, naye anaweza kuwa mtoto. Kutulia kwa spika si dalili ya usalama.

Pale kinga nyingine inapopofuka

Baadhi ya nyumba zina kifaa kinachokata umeme unapovuja, mara nyingi cha miliampea 30. Kifaa hicho hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Kikiwa kabla ya transfoma, hakiwezi kuona uvujaji unaotokea upande wa pili wake. Hitilafu ya kwanza hukaa kimya. Ya pili, ikitokea katika chombo kingine kilichochomekwa hapo hapo, inaweza kuweka volti zote kati ya maganda mawili. Kwa hiyo kanuni yetu ni fupi: transfoma moja, chombo kimoja. Anayehitaji zaidi amwite fundi umeme mwenye leseni, aunganishe maganda ya vyombo na kuweka kinga upande wa kutokea.

Vyombo vya mitumba kutoka Marekani

Vyombo vya soko la Marekani hutumia volti 120 na hezi 60. Transfoma nyingi za kushusha volti zina koili moja inayotumiwa na pande zote mbili. Hizo hushusha volti, lakini hazitenganishi chochote. Tena, hakuna transfoma inayobadilisha hezi: kinanda cha santuri chenye mota inayofuata hezi za umeme kitazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita, na kiini cha chuma kilichoundwa kwa hezi 60 kinaweza kupata joto kupita kiasi.

Kabla ya kununua

- Soma kibandiko. Kitaje volti zinazoingia na zinazotoka, hezi, uwezo kwa VA, na jina la mtengenezaji.
- Uliza kama koili zimetenganishwa. Fundi anaweza kuthibitisha kwa kipimo transfoma ikiwa haijachomekwa: kati ya pini za moto na nyutro za kuingilia na zile za kutokea, hapapaswi kuwa na njia ya umeme.
- Chagua uwezo unaozidi mahitaji. Kwa amplifaya iliyoandikwa wati 300 za matumizi, transfoma ya VA 500 huacha nafasi ya kutosha.
- Transfoma kubwa huvuta mkondo mwingi kwa muda mfupi inapowashwa, na inaweza kukizima kikata umeme. Usikibadilishe kwa kikubwa zaidi, muulize fundi.
- Iweke mahali penye hewa, mbali na mapazia na maji. Dai risiti na dhamana ya maandishi.

Na kama mngurumo ulikwisha katika hatua ya kwanza, transfoma huihitaji. Fedha hiyo itafaa zaidi kumlipa fundi aipime ethi ya nyumba yako.