SOMO LETU: Wafanyakazi wa chini ya ardhi



Wengi wetu wa viwanda vya Kigali, na wenzetu wa mashamba ya chai ya Mulindi na Shagasha, tuna kishamba nyumbani. Maharage yake yakipungua, mshahara wote unaishia dukani. Kwa hiyo somo hili ni la matumbo yetu wenyewe.

Nani wanaishi udongoni?

Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 13 katika Rwanda nzima. Kijiko kimoja cha udongo mzuri chaweza kuwa na bakteria mamia ya milioni. Pamoja nao wamo kuvu na nyungunyungu. Hao huozesha majani na samadi yakawa chakula cha mmea. Tena hushikamanisha chembe za udongo, mvua isiuteremshe bondeni.

Ng'oa mharage wenye afya kabla ya kutoa maua. Mizizini utaona vinundu. Pasua kimoja: kikiwa chekundu ndani, bakteria wako kazini. Wanachukua nitrojeni ya hewani na kuupa mmea, nao mmea unawalipa sukari. Hapo hakuna anayefanya kazi bure.

Nini kinawaua?

1. Kuchoma mabua. Chakula chao kinakuwa moshi.

2. Kuuacha udongo wazi, ukapigwa na jua na mvua.

3. Kutia mbolea ya dukani peke yake kila msimu. Hatusemi isitumike. Lakini urea na DAP huongeza uchachu, na udongo wa milima yetu mingi ni mchachu tayari. Bakteria wa maharage hudhoofika humo.

4. Kukata matuta ya ngazi vibaya. Hapa sisi wenyewe tulikosa. Tulipomsaidia mwenzetu, tuliufukia udongo mweusi wa juu, tukaacha ule mwekundu wa chini. Msimu ule maharage yalitoka ya manjano. Udongo wa juu huwekwa kando, kisha hurudishwa.

Tufanye nini?

Tutie samadi na mboji. Tutandaze majani, kama wafanyavyo wakulima wa kahawa. Tubadilishane mahindi na maharage. Udongo mchachu tuutie chokaa, ila si penye chai, maana chai hupenda uchachu.

Kwenye chai, matawi yaliyopogolewa yabaki chini yaoze. Tunajua wengi huyabeba kuwa kuni. Hatuwalaumu: mshahara hautoshi mkaa. Lakini chai ikidhoofika, kilo za mchumaji zinapungua, na malipo yake pia. Mashamba mengi ya chai yana misitu ya mikaratusi ya kukaushia majani. Basi fungu la kuni kwa wafanyakazi liwe dai letu mezani.

Maswali ya kujadili tawini

1. Shambani kwako, mabua huenda wapi baada ya mavuno?

2. Nani kati yetu ana ng'ombe au mbuzi, na samadi yake tutaigawanaje?

3. Dai la kuni tuliandikeje?