Breki ya Kinga Inavyomnufaisha Tegu wa Ini

Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha Biharamulo, kila nilipotaja tegu darasani swali lilikuwa lilelile: "Mwalimu, si yule wa nyama ya nguruwe?" Ndiye, lakini ana ndugu zake. Mmoja wao, Echinococcus granulosus, ana urefu wa milimita chache tu na makazi yake ni utumbo wa mbwa. Mbwa mwenyewe wala haumwi. Balaa linaanza mayai yanapotoka na kinyesi, yakaingia kinywani mwa mbuzi, ng'ombe au mtu.

Yai likifika utumboni, lava yenye kulabu sita hutoboa ukuta na kuingia kwenye damu. Damu ya utumbo hupita kwanza kwenye ini, ndiyo maana wengi hukwama hapo. Lava hugeuka kifuko cha maji kinachokua taratibu kwa miaka, mpaka tumbo linavimba. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ugonjwa huu umetesa watu sana, na AMREF imefanya kazi huko kwa miongo kadhaa: upasuaji, vipimo vya ultrasaundi, dawa kwa mbwa. Kwetu Tanzania umeonekana kwa wafugaji wa Kimaasai upande wa Ngorongoro.

Sasa jiulize: kinga ya mwili inakuwa wapi muda wote huo?

Jibu mojawapo limetoka kwa binamu yake tegu huyu, Echinococcus multilocularis, wa mbweha na panya wa Ulaya na Asia. Huyu haishii kwenye kifuko kimoja, anatambaa ndani ya ini kama saratani. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo kuhusu protini iitwayo FGL2. Protini hii si ya mnyoo, ni ya kwetu. Hutolewa na seli za kutuliza kinga, na kazi yake ni kuipoza isije ikapitiliza ikaumiza mwili wenyewe. Breki, kwa kifupi. Panya wa maabara waliozaliwa bila FGL2 waliambukizwa, na vimelea ndani yao vikakua kidogo kuliko kwa panya wa kawaida. Seli zao za kinga zilikuwa kali zaidi. Yaani mnyoo ananenepa kwa sababu mwili unakanyaga breki.

Mwanafunzi mmoja akaniuliza, basi kwa nini tusiing'oe hiyo breki? Swali zuri kweli. Gari lisilo na breki linakwenda, ila siku ya mteremko utajua: kinga isiyotulizwa hugeukia viungo vya mwenye nayo. Na matokeo ya panya kwa tegu wa mbweha huwezi kuyahamishia tu kwa mtu na tegu wa mbwa.

Ngara na Biharamulo wanafuga ng'ombe na mbuzi, na mbwa wapo kila boma. Kwenye machinjio moja ndogo niliyopita, mbwa walikaa nje wakisubiri kama wateja. Si kila ini bovu lina tegu. Minyoo bapa ya ini, ile mithili ya jani, nayo huliharibu. Lakini lenye vifuko vya maji akirushiwa mbwa, ndani ya wiki chache anaanza kutoa mayai. Ini hilo ni la kuchomwa, au kufukiwa kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua.