Kupanda Mkoma

Kando ya mito ya Turkwel na Kerio mkoma hutupa chakula wakati wa ukame na majani ya kusukia mikeka na vikapu. Mbuzi wakimaliza miche, mti mzee ukianguka hauna mrithi. Panda mingine.

1. Okota matunda yaliyoiva na kuanguka karibuni. Acha yenye matundu ya wadudu.

2. Ondoa nyama ya tunda. Watoto wakishaila, kusanya kokwa.

3. Kama mvua bado, ziweke kivulini. Ukizifunga kwenye mfuko wa plastiki zitaoza.

4. Pasua chache. Ndani pawe peupe na pagumu, bila ukungu wala harufu mbaya. Usipime kwa kuelea majini: hata kokwa nzuri ina uwazi katikati, hivyo inaweza kuelea.

5. Loweka siku 3 hadi 7. Badilisha maji kila siku.

6. Panda mvua zinapoanza, mahali mti utakapokaa. Chipukizi hushuka chini kwanza, ndipo jani litokee. Ukihamisha mche utaukata. Jani huweza kuchelewa miezi kadhaa. Usifukue kuangalia.

7. Zungushia miiba mapema. Mbuzi hawangoji jani la pili.

Ukiwa na swali, muulize afisa wa mifugo wa wadi yako.