Tundu Moja, Maana Nyingi: Majina ya Kebo za Tarakilishi Madukani Misikhu

Wanaleksikografia wamelalamika kwa miaka mingi kuhusu wingi wa visawe katika istilahi za teknolojia: kompyuta, tarakilishi na ngamizi ni maneno matatu ya kitu kimoja. Katika kebo, tatizo limegeuka. Jina ni moja, vitu ni vingi, na anayelipia tofauti hiyo ni mnunuzi.

Mathalani, mwanafunzi anaingia dukani Misikhu, kando ya barabara ya Webuye-Kitale, akitaka kebo ya kuunganisha tarakilishi yake na skrini. Anaomba "waya ya C". Anapewa. Kichwa kinaingia, chaji inapita, lakini skrini inabaki nyeusi. Muuzaji hakumdanganya, waya ni ya C kweli.

Chanzo cha mkanganyiko huu ni mazoea ya kutaja kebo kwa umbo la kichwa chake. Enzi za simu za Nokia mazoea hayo yalitosha. Chaja iliitwa "pini kubwa" au "pini ndogo", na iliyoingia ilichaji. Umbo lilibeba maana yote. USB-C, iliyotangazwa mwaka 2014, ilivunja uhusiano huo. Kichwa kilekile huweza kufungwa kwenye kebo ya kasi ya megabiti 480 kwa sekunde, au kwenye nyingine inayozidi kasi hiyo zaidi ya mara kumi na kupitisha picha. Ya wati 60, au ya wati 240. Kisemantiki, hii ni polisemia isiyo na muktadha wa kuifafanua, kwa sababu kebo zote hizo hufanana kwa macho.

Waliounda viwango hawakusaidia. Kasi ya gigabiti 5 iliitwa USB 3.0 mwaka 2008, ikawa 3.1 ya kizazi cha kwanza, kisha 3.2 ya kizazi cha kwanza. Hivi navyo ni visawe, ila vilizaliwa ofisini. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika kwa simu tarehe 28 Desemba 2024 imesawazisha tundu. Kebo bado ni zilezile nyingi.

Istilahi ifaayo basi itaje kazi kabla ya umbo: "kebo ya chaji", "kebo ya data", "kebo ya picha", ikifuatwa na idadi ya wati. Majina haya ni marefu kuliko "C", lakini muuzaji na mnunuzi huyaelewa bila kamusi. Hata hivyo, hayagusi upande wa pili wa kebo. Zipo tarakilishi ambazo tundu lake la C halitoi picha kamwe, hata kwa kebo bora. Hapo cha kusomwa ni alama iliyochorwa kando ya tundu, pale inapokuwepo.