SOMO LA TEHAMA: Milango miwili ya ruta, na kwa nini yote iandaliwe mapema

Zahanati ya mashinani inaweza kuwa mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka makao makuu ya kaunti. Mtandao ukikatika asubuhi ya kliniki ya akina mama, mhudumu hawezi kufungua rekodi zilizo kwenye mfumo, na foleni inaanza kurefuka. Fundi aliye ofisini atajaribu kuingia kwenye ruta ya zahanati kutoka mbali. Akifaulu, huenda tatizo likaisha kwa dakika chache. Akishindwa, itabidi mtu afunge safari na laptopu na waya.

Mara nyingi tofauti hiyo huamuliwa siku ile ruta ilipowekwa. Somo hili linawalenga wanafunzi wa vyuo vya ufundi, walimu wanaosimamia maabara za kompyuta, wenye saiba, na mwananchi yeyote anayetaka kujua jinsi vifaa hivi vinavyoongozwa.

Konsoli ni nini?

Ruta na swichi hazina skrini wala kibodi. Fundi huziongoza kwa kuandika amri, mstari mmoja baada ya mwingine, kwenye dirisha la kompyuta yake. Dirisha hilo huitwa konsoli, nalo hufikiwa kwa njia mbili. Konsoli ya karibu hupitia waya uliochomekwa moja kwa moja kwenye kifaa. Konsoli ya mbali hupitia mtandao wenyewe.

Konsoli ya mbali hutegemea mtandao, ambao huenda ndio ulioharibika. Ya karibu haitegemei mtandao wowote. Kwa hivyo moja haiwezi kuchukua nafasi ya nyingine.

Mifano iliyo hapa chini inatumia PuTTY, programu ya bure inayofungua konsoli za aina zote mbili, pamoja na amri za ruta na swichi za Cisco. Amri za kampuni nyingine ni tofauti, lakini hatua zinafanana.

Mlango wa karibu

Vifaa vingi vya ofisini vina tundu lililoandikwa "Console". Laptopu za siku hizi hazina tundu la zamani la pini 9, hivyo fundi huhitaji adapta ya USB. Akiichomeka, Windows huipa jina kama COM3 au COM5, linaloonekana kwenye "Device Manager".

Ndani ya PuTTY, fundi huchagua "Serial", huandika jina hilo la COM, kisha hujaza kasi ya 9600. Kwenye ukurasa wa "Serial" huhakikisha biti za data ni 8, parity ni "None", stop bits ni 1 na flow control ni "None". Kipengele hicho cha mwisho husahaulika sana, kwa sababu PuTTY yenyewe huanza na "XON/XOFF".

Skrini ikibaki tupu, abonyeze Enter kwanza kabla ya kudhani kifaa kimekufa. Zikitokea herufi zisizosomeka, kasi imekosewa. Ruta nyingi za MikroTik, kwa mfano, hutumia 115200. Mipangilio ikikubali, aihifadhi kwenye "Saved Sessions" kwa jina la kituo, ili siku ya dharura asianze kubahatisha.

Mlango huu nao unahitaji kufuli. Kwenye kifaa, sehemu ya "line console 0" huwekewa amri ya "login local" ili kila anayeingia adaiwe jina na nenosiri. Hata hivyo, mtu aliyekishika kifaa mkononi anaweza kukizima, kukiwasha na kufuata njia ya kubadilisha nenosiri. Ndiyo maana kabati la ruta hufungwa kwa ufunguo, na ufunguo huo hukaa kwa mtu anayejulikana.

Mlango wa mbali

Kwa miaka mingi mafundi waliingia kwa Telnet, inayotumia poti 23. Shida ya Telnet ni kwamba kila kitu, hata nenosiri, husafiri wazi kama maandishi ya postikadi. Mwaka 1995, baada ya wezi wa manenosiri kuuvamia mtandao wa chuo kikuu chake nchini Finland, Tatu Ylönen alitengeneza SSH. SSH hutumia poti 22 na huyageuza mawasiliano kuwa fumbo lisilosomeka njiani.

Kuandaa mlango huu kwenye Cisco huhitaji hatua zifuatazo:

1. Kukipa kifaa jina kwa "hostname" na jina la kikoa kwa "ip domain-name".
2. Kumfungulia kila fundi akaunti yake kwa "username" na "secret". Akaunti moja ya watu wote huficha aliyefanya kosa.
3. Kutengeneza funguo kwa "crypto key generate rsa", zenye ukubwa wa biti 2048 au zaidi, kisha kuandika "ip ssh version 2".
4. Kuingia "line vty 0 4", kuweka "login local", halafu "transport input ssh" ili Telnet ikataliwe.

Kuna mtego kwenye hatua ya nne. Swichi nyingi zina njia 16 za kuingilia, kuanzia 0 hadi 15. Fundi akifunga 0 hadi 4 tu, zilizobaki huenda zikaendelea kupokea Telnet. Kwenye swichi hizo aandike "line vty 0 15".

Mara ya kwanza PuTTY inapounganishwa kwa SSH, huonyesha alama ya utambulisho ya kifaa na kuuliza kama inaaminika. Wengi hukubali bila kusoma. Njia salama ni kuiandika alama hiyo wakati fundi bado yuko kwenye waya, kisha kuilinganisha. Onyo hilo likirudi siku nyingine bila kifaa kubadilishwa, fundi asimame na achunguze.

Kosa la kujifungia nje

Fundi aliye mbali anaweza kubadilisha anwani au kanuni ya ulinzi, na papo hapo akakata njia ile ile anayoitumia. Ni sawa na kukata tawi ulilokalia.

Cisco ina kinga rahisi. Kabla ya kugusa chochote, fundi huandika "reload in 10". Kisha hufanya mabadiliko bila kuyahifadhi. Akijifungia nje, ruta itajiwasha upya baada ya dakika 10 na kurudia mipangilio ya zamani. Mambo yakienda sawa, huandika "reload cancel", halafu huhifadhi kwa "copy running-config startup-config". Kwa kuwa kuwashwa upya hukata huduma kwa dakika kadhaa, kazi hii isifanywe wakati wagonjwa wako foleni.

Sheria inasemaje?

Ujuzi huu hutumiwa kwenye kifaa ambacho mtu ameruhusiwa kukigusa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandaoni ya mwaka 2018 inasema anayeingia kwenye mfumo bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh5 milioni, kufungwa jela kwa muda usiozidi miaka mitatu, au adhabu zote mbili.

Wanaotaka kujizoeza wanaweza kutumia GNS3 au Packet Tracer. Programu hizi huiga ruta na swichi ndani ya kompyuta, na makosa hayamkatii mtu yeyote huduma.

Maswali ya kujipima

1. Waya wa konsoli wa kituo chenu uko wapi, na nani ana ufunguo wa kabati?
2. Je, kuna kifaa ambacho bado kinapokea Telnet?
3. Fundi mmoja akiondoka kazini leo, akaunti yake itafungwa vipi?

Mwalimu au msimamizi asiye na jibu la swali la kwanza aanzie hapo, kabla siku ya dharura haijafika.