Ukisomea Kemia na Kwenu ni Idete

Siku niliyomwambia baba kwamba nimechaguliwa kusomea kemia chuo kikuu, alikuwa anapalilia mpunga bondeni. Alisimama, akajifuta jasho, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo kemia ukimaliza unakuwa nani? Daktari?" Nikasema hapana. "Mwalimu?" Nikasema labda. Akarudi kwenye jembe lake. Sikuwa na jibu la kumpa, na sikulipata hadi mwaka wa pili wa masomo. Naandika haya kwa ajili yako, mdogo wangu wa Idete, Namwawala, Mbingu au Mlimba, ambaye huenda unaulizwa swali hilohilo sasa hivi.

Jibu nilikuwa nimelala nalo chumba kimoja tangu utotoni. Mwaka 1993, hapahapa Idete, watoto zaidi ya 500 wa umri wa mwaka 1 hadi 5 walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66. Mama alimbeba kaka yangu mgongoni kumpeleka. Chanjo hiyo ilibuniwa na Manuel Elkin Patarroyo wa Kolombia, na haikutokana na vijidudu vilivyouawa wala kudhoofishwa kama chanjo nyingi za wakati huo. Vipande vyake vya protini viliunganishwa maabara, asidi amino moja baada ya nyingine. Ilikuwa kazi ya kemia, kutoka Bogotá hadi kwenye mkono wa mtoto wa Idete. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kinga ya asilimia 31. Majaribio yaliyofuata Gambia na Thailand hayakuona kinga ya maana, na chanjo ile ikaachwa. Mimi niliisoma habari hii nikiwa maktaba ya chuo, mbali na nyumbani, na nilipoliona jina la kijiji chetu kwenye jarida la kisayansi nilikaa kimya muda mrefu.

Tangu siku hiyo nikaacha kutafuta kemia Dar es Salaam peke yake. Na huu ndio ushauri wangu wa kwanza: kabla hujaomba chochote, keti uorodheshe kemia inayofanyika kilomita mia moja kutoka kwenu. Bonde la Kilombero litakushangaza.

Chukua chandarua. Dawa iliyomo ina kiasi chake kwa kila gramu ya kitambaa, na lazima mtu akate kipande, aitoe dawa kwa kiyeyushi, aipime kwa mashine ya HPLC au kromatografia ya gesi, ndipo ijulikane kama baada ya miaka miwili ya kufuliwa bado inatosha. Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya Waswisi, imejulikana duniani kwa kazi za mbu, na ndani ya kazi hizo kuna kemia nyingi kuliko wanafunzi wanavyodhani. Mwaka 2010 Fredros Okumu na wenzake walichapisha utafiti wa mchanganyiko unaovuta mbu zaidi kuliko harufu ya mtu: amonia, asidi ya laktiki, asidi kadhaa za kaboksili, pamoja na kaboni dioksidi. Hivyo vyote umevikuta kwenye vitabu vya kidato cha tano na sita. Watafiti wa hapo wamejaribu pia dawa ya transfluthrin kwenye vipande vya gunia na hata kwenye kandambili, iwe inaruka hewani polepole na kumfukuza mbu. Kwa nini inaruka yenyewe bila moto? Hilo ni swali la mgandamizo wa mvuke, na mtu wa kulijibu ni mkemia.

Halafu kuna sukari. Kule Kidatu, viwanda vya Kampuni ya Sukari Kilombero hupima sharubati ya miwa kila siku: Brix kwa refraktomita, na sukari yenyewe kwa polarimita, chombo kinachoangalia jinsi mwanga unavyozungushwa na molekuli za sukari. Mkulima wa nje halipwi kwa tani peke yake, hulipwa pia kwa kiwango cha sukari kilichomo kwenye miwa yake. Hebu fikiri maana yake. Namba anayoandika kijana wa maabara saa nane usiku ndiyo ada ya shule ya mtoto wa mtu wa Msolwa au Sanje. Akikosea kusafisha mrija, kuna mzazi atakayepunjwa bila kujua. Sijui kazi nyingi ambazo uaminifu wa mtu unapimika hivi.

Sasa nikueleze nilivyoharibu mwanzoni. Mwaka wa kwanza nilipeleka barua za kuomba mafunzo kwa vitendo mwezi wa tano, kwa likizo ya mwezi wa saba. Barua zilikuwa nakala moja, nimebadilisha jina la ofisi tu. Nikapokelewa mahali ambapo kwa wiki nane nilitoa nakala za karatasi na kupanga mafaili. Nilirudi chuoni na fomu iliyosainiwa vizuri, bila kugusa bureti hata siku moja. Niliwalaumu wao kwa muda, lakini barua yangu haikuwa imewaambia naweza kufanya nini.

Mwaka wa pili nikaandika barua Desemba, nikaipeleka kwa mkono kwenye maabara moja. Safari hii barua ilikuwa na aya moja ya maana: vipimo nilivyokwisha kuvifanya mwenyewe, vifaa nilivyovigusa, na jambo moja mahususi ninalotaka kujifunza pale kwao. Mkuu wa maabara alikuwa mama mmoja wa makamo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeandika hapa unajua kutengeneza myeyusho. Nitengenezee hidroksaidi ya sodiamu, molari 0.1, mililita 250."

Nikapima gramu 1, nikaiyeyusha, nikajaza hadi kwenye alama. Akatazama chupa, akaniuliza, "Una uhakika gani kwamba hii ni 0.1?" Nikakwama. Akanieleza taratibu, bila kunidharau, kwamba hidroksaidi ya sodiamu hunyonya unyevu na kaboni dioksidi ya hewani hata ikiwa kwenye mizani, kwa hiyo gramu moja uliyopima si gramu moja. Lazima uihakiki kwa titresheni dhidi ya asidi unayoiamini. "Njoo Jumatatu," akasema. Nilipata nafasi ile nikiwa nimekosea jibu, kwa sababu nilikuwa nimeonyesha kwamba mikono yangu inajua pa kuanzia.

Pale nilijifunza pia kutunza daftari. Andika kila kitu kwa wino, tarehe, namba ya chupa, hata kipimo kilichoharibika; ukikosea likate kosa kwa mstari mmoja, uliache lisomeke. Miaka miwili baadaye, kwenye usaili wa kazi, niliulizwa ningefanya nini nikipata matokeo mawili yanayopishana sana. Nilifungua kumbukumbu ya daftari lile kichwani, nikawasimulia siku yaliponitokea. Walioketi mbele yangu waliacha kuandika wakasikiliza.

Kuhusu ajira zenyewe, usijifungie kwenye jina moja. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo kila mtu huitaja, na kweli kazi zake ni pana, kuanzia vinasaba na sumu hadi usimamizi wa kemikali kama sianidi ya kuchenjulia dhahabu. Lakini wapo pia TBS kwenye vyakula na bidhaa, TMDA kwenye dawa na vifaa tiba, TPHPA kule Arusha kwenye viuatilifu, Tume ya Nguvu za Atomiki, Taasisi ya Jiolojia Dodoma, na maabara za maji. Nafasi za serikali hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, na usaili huanza na mtihani wa kuandika, kwa hiyo usizitupe notisi zako za kemia changanuzi. Bunge lilipitisha sheria ya wanataaluma wa kemia mwaka 2016, na mkemia anatakiwa kusajiliwa na baraza. Fuatilia usajili mara tu upatapo cheti. Upande wa binafsi kuna saruji, bia, migodi ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa, na viwanda kama A to Z cha Arusha, kinachojulikana kwa vyandarua vya Olyset ambavyo permethrin yake imechanganywa ndani ya nyuzi zenyewe za plastiki.

Ualimu nao usiudharau. Ukiwa na shahada ya kemia isiyo ya ualimu, stashahada ya uzamili ya elimu inakufungulia mlango. Mtu aliyenifundisha mole kwa kutumia debe na punje za mpunga alikuwa mwalimu wa sekondari ya kata, na bila yeye nisingefika popote.

Kama moyo wako uko kwenye masomo zaidi, linda GPA tangu muhula wa kwanza. Kuajiriwa kama mkufunzi msaidizi (Tutorial Assistant) katika vyuo vya umma kunahitaji 3.8, na anayeanza kukimbilia namba hiyo mwaka wa tatu huwa amechelewa. Kwa uzamili, angalia karibu kwanza: Taasisi ya Nelson Mandela Arusha, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Sokoine pale Morogoro, na icipe ya Nairobi, ambako kemia ya wadudu ni fani nzima. Shirika la Kijerumani la DAAD hufadhili Waafrika kusoma ndani ya Afrika. Jumuiya ya Madola wana ufadhili wa Uingereza, na programu za Erasmus Mundus hupokea hata walio mwaka wa mwisho. Ufadhili wa Chevening uache kwanza, unadai saa 2,800 za uzoefu wa kazi.

Maombi haya yote yanataka barua za watu wanaokufahamu. Mhadhiri mwenye wanafunzi 200 hawezi kukuandikia zaidi ya alama zako ikiwa hujawahi kukaa naye. Mwombe kazi ndogo kwenye utafiti wake, hata kuosha vyombo vya kioo, hata bila malipo muhula mmoja. Mayunga Nkunya, aliyefikia uprofesa wa kemia Dar es Salaam, alijijengea jina kwa kuchunguza mimea ya hukuhuku kwetu dhidi ya malaria na mbu. Mimea ya namna hiyo inaota pia kwenye milima ya Udzungwa tunayoiona kila asubuhi kutoka shambani.

Na tafuta pasi ya kusafiria mapema, bumu likiingia, kabla hujaihitaji. Nimemwona rafiki yangu akikosa safari ya mafunzo kwa kukosa kijitabu hicho tu.

Baba sasa hivi akiulizwa mwanawe anafanya kazi gani, husema, "Anapima dawa za vyandarua kama zimo kweli." Ni jibu sahihi kabisa.

Ikiwa uko mwaka wa kwanza au wa pili, andika barua moja kabla ya Krismasi, utaje kipimo kimoja unachoweza kukifanya kwa mikono yako, na ukirudi likizo panda bodaboda hadi Ifakara uipeleke mwenyewe.