Siku ya tatu kambini, tumbo linakata

Umekwenda kijijini kujitolea likizo ya Julai, mnachimba choo cha shule. Asubuhi sururu, mchana ugali na maharage, jioni kandanda na vijana wa hapo. Siku ya tatu unaanza kuharisha, unaona haya kusema. Watakucheka? Waache wacheke! (Na usisingizie chakula cha wenyeji, wewe ulinawa kwa sabuni kweli?) Jua na kuharisha hukausha mwili upesi. Pakiti za ORS hamna? Chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Onja: yasizidi machozi kwa chumvi. Kunywa kila utokapo chooni. Ukiona damu, au hukojoi, mwambie kiongozi wa kambi akupeleke zahanati siku hiyo hiyo.